array_map haibadilishi arei yako

Jamani hili nimelisikia mara nyingi mno kwa wanaojifunza PHP, lugha ya kuandikia programu, ngoja niliandike. Mtu anakwambia "nimepitisha array_map kwenye bei zangu na bado ziko vilevile, PHP ina tatizo". Haina tatizo. array_map inachukua fanksheni uliyoitunga wewe (kipande cha programu kinachopokea kitu na kurudisha jibu), inaipitisha kwa kila kilichomo kwenye arei, yaani orodha ya thamani, kimoja kimoja, halafu inakurudishia arei MPYA yenye majibu. Basi. Ile ya mwanzo haiguswi.

Mi naona shida inaanzia kwenye neno lenyewe, map. Wengi tukilisikia tunawaza ramani, safari, sasa mtu anaona kama fanksheni inatembea ndani ya arei inabadilisha kila inachokutana nacho. Hapana, map hii imetoka kwenye hesabu, kule ambako kila kitu cha seti hii kinapewa mwenzake kwenye seti ile, 2 mwenzake 4, 3 mwenzake 9, na hakuna aliyeifuta 2 ikawa 4, zipo zote mbili! Na wala hawakuianzisha PHP, John McCarthy, aliyeitunga lugha ya Lisp, alichapisha maplist yake mwaka 1960, PHP bado miaka 35 izaliwe, na ile nayo ilikuwa inajenga orodha mpya.

Ya kutembea ipo, na inaitwa array_walk. Hiyo ndo inapita kwenye arei yenyewe, inaipa fanksheni yako thamani pamoja na ufunguo wake (jina au namba ya nafasi yake kwenye arei), na ukiweka alama ya & kwenye ile thamani unayopokea unaibadilisha hapohapo. Ikimaliza inarudisha true ("kweli") tu, kwa hiyo ukiandika $bei = array_walk($bei, ...) bei zote zimeondoka umebaki na true mkononi, na hapo nimeona watu wanakesha. Halafu angalia mpangilio: array_walk inataka arei kwanza, array_map inataka fanksheni kwanza, maana nyuma yake unaweza kupanga arei hata tatu.

Kwa hiyo ndugu yangu, kama bei zako hazikuongezeka VAT ya 18%, hesabu yako iko sawa na fanksheni yako iko sawa. Arei mpya ilitoka, haikupata wa kuipokea. Andika hivi:

$bei = array_map(fn($b) => $b * 1.18, $bei);