Vigae havizuii joto: kuandaa sakafu ya jiko la kuni

Nilipokwenda kulihamisha jiko lile la chuma, mwenye nyumba alinionyesha kwa fahari vigae alivyolitandikia. Vilikuwa vizuri kweli, vimepangwa kwa ustadi, havina hata ufa. Tulipovibandua tukakuta plaiwudi ya chini imekuwa nyeusi, na kipande nilichokishika kikasagika vidoleni. Juu hapakuwa na dalili yoyote. Familia ile ilipika pale kwa miaka ikiamini kwamba kitu kisichoungua huzuia joto.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kigae hakiungui, lakini joto hupita ndani yake. Bati nalo hulipitisha, tena upesi zaidi. Vyote viwili hukinga cheche na makaa yanayodondoka mlango unapofunguliwa, ila joto linaloshuka kutoka tumboni mwa jiko saa baada ya saa huvipenya likafika kwenye mbao. Kwa kawaida mbao huhitaji nyuzi 250 za Selisiasi au zaidi ili ishike moto. Lakini ikikaa miezi na miaka kwenye joto la chini ya hapo, hugeuka taratibu kuwa mkaa, na mkaa huo hushika moto kwa joto dogo kuliko mbao nzima. Ndiyo maana sakafu huweza kuvumilia misimu kadhaa, kisha ikawaka siku ambayo jikoni hapakuwa na moto mkubwa.

Jiko la kupikia lenye oveni lina jambo la ziada. Ukifunga kilango cha moshi ili oveni ipate moto, moshi hauendi bombani moja kwa moja: hupita juu ya oveni, ukashuka ubavuni, ukapita chini yake, ndipo utoke. Kwa hiyo tumbo lote la jiko hupata moto, si upande wa kuni peke yake.

Basi mimi huanza kwa kuuliza sakafu ni ya nini. Kama ni zege lililomwagwa juu ya ardhi, kazi ya chini imekaribia kwisha. Kama ni mbao, au kuna mbao popote chini ya zege hilo, natoa futi na kupima miguu ya jiko. Kijitabu cha mtengenezaji kikiwepo, nakifuata neno kwa neno. Kisipokuwepo, hutumia NFPA 211, kiwango cha Marekani cha usalama wa mabomba ya moshi na majiko ya kuni, ambacho hapa kiko wazi. Nafasi ya hewa chini ya jiko ikifika sentimita 15, weka matofali mazima yaliyobanana, unene usiopungua sentimita 5, kisha bati la chuma la kama milimita 0.6 juu yake. Nafasi ikiwa kati ya sentimita 5 na 15, tumia tofali za matundu za sentimita 10, uzilaze matundu yakitazamana ili hewa ipite kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha bati. Ikiwa chini ya sentimita 5, jiko hilo halikai juu ya mbao kabisa. Nimeombwa mara nyingi nilegeze hapo, na jibu langu ni lile lile.

Naomba usizibe matundu ya tofali kwa saruji ili kupendezesha ukingo. Hewa inayopita mle ndiyo inayoondoa joto. Ukiiziba umebaki na jiwe linalopata moto polepole na kupoa polepole. Ukitaka vigae kwa ajili ya sura, viweke juu ya kinga hiyo, si badala yake.

Kinga itokeze sentimita 46 kila upande wa jiko. Mbele ya mlango wa kuni mimi huongeza kidogo, kwa sababu kaa likianguka hudunda na kuviringika. Kagua pia mihimili ya sakafu: jiko la chuma cha kuyeyushwa huweza kuzidi kilo 200, na ukiongeza matofali, sakafu dhaifu itabonyea na kuvuta maungio ya bomba.

Ukuta wa mbao uwe umbali wa sentimita 91. Umbali huo unaweza kupungua hadi 30 ukifunga bati lililoachana na ukuta kwa sentimita 2.5, wazi juu na chini. Bomba la chuma la tabaka moja likae sentimita 46 kutoka kitu chochote kinachoungua. Vipande vyake hufungwa kwa skrubu tatu kila kiungo, ncha nyembamba ikielekea kwenye jiko, ili utomvu wa moshi urudi ndani badala ya kuchuruzika nje. Weka na king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu.

Majivu yatoke kwa ndoo ya chuma yenye kifuniko, ikapumzike nje juu ya udongo, maana kaa lililofukiwa majivuni hukaa hai kwa siku kadhaa.

Siku ya kuwasha, naanza na moto mdogo, kisha naukoleza na kuuacha saa mbili kilango cha moshi kikiwa kimefungwa, ili moshi uzunguke oveni. Halafu nalala kifudifudi na kupitisha kiganja kwenye ukingo wa kinga, pale inapokutana na mbao, na chini ya sakafu kama pana njia. Pakiwa na uvuguvugu tu, nakusanya vifaa. Nikishindwa kuuacha mkono pale, naacha kuni ziishe, jiko lipoe, na matofali yapangwe upya.