Je, wajua kwa nini mchezaji wa gemu la komputa la "kufa mara moja" hununua dawa kabla ya upanga?

Kwenye baraza za Jaws Corner, Mji Mkongwe, kete ikiliwa haifi. Katika bao la Kiswahili kete zote 64, zikishaingia ubaoni, hazitoki mpaka mwisho. Iliyoliwa huhamia kwa mlaji, ikapandwa upande wake. Gemu la komputa katika hali ya kufa mara moja halina huruma hiyo. Mhusika uliyemlea wiki nzima akifa, basi, faili lake limekwenda na maji. Mchezo huu si wa jana: Rogue, gemu la mwaka 1980, lilikuwa likimfutia faili aliyekufa.

Anayetazama pembeni hushangaa kumuona mchezaji anajaza mkoba dawa na vitu vya kutorokea, upanga mkali kauacha dukani. Hesabu ndiyo inayomtuma. Tuseme kila pambano lina hatari ya kufa 1 kati ya 100. Ndogo, unaicheka. Lakini safari yenye mapambano 200, nafasi ya kuyapita yote salama ni kama asilimia 13 tu. Ishushe hatari iwe 1 kati ya 1,000, nafasi inapanda hadi kama asilimia 82. Upanga mkali hufupisha mapambano ambayo ungeshinda vyovyote. Kinachoua ni lile moja lililoharibika.

Ndani ya gemu la Baldur's Gate 3, hali ya kufa mara moja iitwayo Honour Mode, iliyoongezwa Novemba 2023, hukupa faili moja tu la kuhifadhia, na maadui wakubwa wamezidishiwa mbinu. Wazoefu humpa mhusika kipaji cha Alert, asivamiwe kwa ghafla na awahi zamu yake. Hila ninayoipenda mimi ni ya kumuacha mwenza mmoja mbali na vita. Wengine wakiuawa wote, yeye hukimbilia kambini, akamlipa Withers, mfufuaji wa hapo, sarafu 200 kwa kila maiti, wakafufuka. Uoga? Sawa, lakini safari inaendelea.

Na kwetu yupo adui asiyemo kwenye gemu. Ukicheza mtandaoni, seva haina habari kwamba Pemba umeme umekatika. Mhusika hubaki kasimama mbele ya zimwi kwa sekunde kadhaa, anapigwa tu. Mdogo wangu aliyeko Wete alimpoteza wake hivyo: kioo cheusi, feni inazunguka polepole mpaka ikasimama, naye mausi bado mkononi. Siku hizi huangalia kwanza yuniti zilizobaki kwenye mita, ndipo anaingia pangoni.