Genge nyuma ya nyumba: tunayoambiana na ukweli wake

Kigoma mjini, kiwanja cha tambarare si rahisi kupata. Mtu hununua eneo kilimani, akakata mteremko kwa sururu mpaka apate nafasi ya vyumba vitatu, na nyuma ya nyumba hubaki genge la udongo lililosimama wima. Mvua zikianza Novemba, na hofu ya genge kuporomoka ikirudi, maneno ni yale yale.

"Kilima hiki kipo tangu enzi za babu." Kipo, ila babu hakukichimba miguuni. Udongo wa juu uliegemea ule uliouondoa. Ongeza maji ya bati lisilo na mfereji, na shimo la choo lililochimbwa juu ya genge: udongo unalowa, unakuwa mzito, na maji yaliyojaa ndani yake yanaufanya usishikane tena.

"Mvua imekatika, tulale." Hii ndiyo inayonitisha kuliko zote. Maji huzama polepole, kwa hiyo genge laweza kuporomoka saa nyingi, hata siku kadhaa, baada ya jua kutoka.

"Nimepanda migomba, itashika." Mizizi yake haiendi chini sana. Hushika udongo wa juu tu, na mporomoko mkubwa huanzia chini ya hapo.

"Sisi tuko chini, mbali na mlima." Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, vilifuata njia za maji hadi mji wa Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Wapo waliodhani volkano imelipuka. Haikuwa volkano, ni sehemu ya mlima iliyolowa maji ikameguka.

"Huja bila dalili." Mara nyingi dalili hutangulia. Mama yangu mdogo aliona ufa juu ya genge lake, mwembamba, kidole hakipiti. Tulipigilia vijiti viwili, kimoja kila upande, tukapima nafasi kati yake kwa futi ya fundi: sentimita 40. Asubuhi ya tatu zilikuwa 43. Mlango wa jikoni ulikuwa umeanza kugoma kufunga, na mpapai wa pale juu umeinama kuelekea uani. Nilimwambia, "Mama, leo hamlali hapa." Akabeba watoto na magodoro, wakahamia kwa jirani ng'ambo ya barabara, kisha tukaenda kumwita mwenyekiti wa mtaa aje aone vijiti kwa macho yake.