Maikrowevu na feni jikoni: mionzi siyo kitu cha kukunyima usingizi

Mteja akiniletea maikrowevu hapa Mtwara, kabla hata ya bei ananiuliza mionzi. "Fundi, hii haileti kansa kweli?" Jamani, yale ni mawimbi ndugu wa yale ya redio, megahezi 2450 hivi, yanatikisa maji yaliyomo kwenye chakula basi kinapata moto, ukizima yamekwisha, hakuna kinachobaki kwenye wali. We angalia mlango tu. Ukiwa umepinda, haufungi sawasawa au kioo kimepasuka, usiiwashe. Na nyumba za Shangani na Mikindani chumvi ya bahari inakula bati kwenye bawaba taratibu, pachungulie mara kwa mara.

Mi naogopa kapasita, kile kifaa kinachotunza umeme. Iko ndani huko, inabeba volti zaidi ya 2000, na hata ukichomoa plagi inaweza kuwa bado imejaa. Vijana waliozoea redio wanaingiza bisibisi wakijua wameshachomoa, kumbe! Usifungue bati la nyuma, kaka, hata kama ni fyuzi tu.

Cheche nazo zinatisha ila mara nyingi ni uchafu. Ukutani kwa ndani kuna kipande kama karatasi ngumu ya kijivu au kahawia, ile ni mika, inafunika tundu mawimbi yanapoingilia. Mafuta ya samaki yakirukia pale yanaungua, panakuwa peusi, panatoboka, panaanza kupiga cheche. Na kuna watu wanaibandua wakidhani ni karatasi ya dukani wamesahau kutoa! Iache, funika chakula, futa ukimaliza, ikitoboka kanunue nyingine. Zile sahani za wageni zenye mstari wa dhahabu zibaki kabatini, ule mstari ni madini. Na usiiwashe tupu. Wala korosho zenye ganda usijaribu, yale mafuta ya ganda unayajua yanavyobabua.

Plagi ichomeke ukutani, siyo kwenye ekstensheni moja na friji na birika.

Sasa feni ya kutoa moshi. Umefunga dirisha na mlango, hewa ya kuvuta inatoka wapi? Acha upenyo upande wa pili. Wavu ukijaa mafuta, moto wa kikaango ukiruka unashika hapohapo, kwa hiyo zima umeme, uoshe kwa maji ya moto na sabuni.

Ila ukisikia harufu ya gesi USIGUSE swichi ya feni. Hapa sisi watu wa kusini tunajichanganya, gesi yetu ya Mnazi Bay ni methani, nyepesi, inapaa, lakini ya mtungi ni propani na butani, nzito kuliko hewa, inalala sakafuni, sasa feni iko juu kule inavuta nini? Na kicheche cha swichi kinatosha kulipua jiko. Funga mtungi kama unafikika, fungua milango na madirisha, usiwashe wala usizime chochote, toa watoto, simu kapigie nje.