Mtoto arudi shule au abaki? Tuliyoyaamini wakati wa korona, na ukweli wake

Mwishoni mwa Desemba 2020 tulikutana wazazi chini ya mwarobaini wa shule moja hapa Mombasa, kila mmoja kiti chake mbali na cha mwenzake. Zilikuwa zimebaki siku chache shule zifunguliwe kwa wanafunzi wote, tarehe 4 Januari 2021. Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walikuwa wamesharudi tangu Oktoba 12. Waliobaki hawakuwa wameingia darasani tangu Rais Uhuru Kenyatta atangaze kufungwa kwa shule Machi 15, siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini. Miezi tisa na zaidi.

Baba mmoja alisimama akasema mwanawe harudi, hata waje kumchukua na askari. Mama mmoja wa mbele akageuka. "Baba Salim, wako ana mtu wa kumwangalia. Wangu, nikienda sokoni, anabaki na nani?"

Kikao kikachafuka. Hoja nyingi zilizotolewa siku ile, zangu zikiwemo, zilisimama juu ya mambo ambayo hayakuwa kweli. Ninayaandika kwa sababu maradhi ya kuambukiza hayajaisha duniani, na kikao kama kile kitaitishwa tena mahali fulani.

"Korona haiwashiki watoto"

Hii niliishika hata mimi. Ukweli ni kwamba watoto waliambukizwa tangu mwanzo, na waliambukiza wengine. Tofauti ilikuwa katika uzito wa ugonjwa: wengi waliugua kidogo tu, au hawakuonyesha dalili yoyote. Sweden haikufunga shule za msingi katika wimbi la kwanza. Madaktari wa huko walipohesabu, kati ya watoto karibu milioni 2 wa umri wa mwaka 1 hadi 16, ni 15 waliolazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi kwa korona kuanzia Machi hadi Juni 2020, na hakuna aliyefariki kwayo. Nilipokuja kuisoma hesabu hiyo nilishusha pumzi.

Lakini Sweden si Pwani. Huko darasa halina watoto 60, na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, si ugonjwa wa kila mtaa kama ulivyo kwetu. Mtoto mwenye selimundu, kisukari, pumu kali au ugonjwa wa moyo hakuwa katika fungu moja na wenzake, na mzazi wake alikuwa na haki ya kusita mpaka aongee na daktari. Tena walikuwako watoto waliopatwa na homa kali na uvimbe wa viungo vya ndani wiki kadhaa baada ya maambukizi yenyewe kupita. Madaktari wa Uingereza walianza kuliona jambo hilo Aprili 2020. Walikuwa wachache sana, ila hawakuwa uzushi.

Hatari kubwa ilikuwa kwa watu wazima walio karibu na mtoto: mwalimu anayekaribia kustaafu, na nyanya anayelala naye kitanda kimoja. Hapa Mombasa kuna shule zilizofungwa tena Oktoba ile ile baada ya walimu kupatikana na virusi. Chanjo za kwanza zilitua Kenya Machi 2021, kwa hiyo shule zilipofunguliwa Januari hakuna mwalimu aliyekuwa amechanjwa. Kikaoni kwetu tulizungumza saa mbili nzima kuhusu watoto. Walimu walikuwa wamekaa pembeni, na hakuna mzazi aliyewauliza wao wanaishi na nani.

"Akibaki nyumbani yuko salama"

Neno "nyumbani" tulilitamka siku ile kana kwamba nyumba zote ni moja. Iko nyumba yenye vyumba vitatu, baba anafanyia kazi mezani, intaneti ipo. Na iko nyumba ya chumba kimoja kule Kisauni, ambayo mama hutoka alfajiri kwenda kuchukua samaki na kurudi jua limetua. Mtoto wa nyumba hii ya pili hakubaki nyumbani hata siku moja. Alikuwa mtaani mchana kutwa, anaingia nyumba hii anatoka ile, wengine wanasukuma mikokoteni ya maji kwa malipo ya chapati. Tulisema tunamkinga na msongamano wa darasa, tukamwachia msongamano wa mtaa.

Kwa wasichana mambo yalikuwa mazito zaidi. Watafiti waliokuwa wakiwafuatilia wanafunzi wa sekondari huko Siaya hata kabla ya korona waliweza kulinganisha. Wasichana waliofika Kidato cha 4 wakati wa vizuizi vya korona walikuwa na uwezekano mara 2 zaidi wa kushika mimba kabla ya kumaliza shule, na mara 3 zaidi wa kuacha masomo, kuliko waliowatangulia. Hesabu hizo si za kukisia. Wasichana hao hawakubadilika tabia ghafla. Kilichobadilika ni kwamba ratiba iliondoka, macho ya mwalimu yakaondoka, chakula cha mchana cha shuleni kikaondoka, na mfuko wa mzazi ukakauka wakati ule ule. Panapokosekana pesa ya sodo, anapatikana mtu mzima wa kuitoa, kwa masharti yake.

Wapo pia watoto waliofungiwa ndani pamoja na mtu anayewaumiza. Mara nyingi mwalimu ndiye wa kwanza kuona alama kwenye mkono, au kugundua kwamba mtoto msemaji amekuwa bubu. Shule ikifungwa, hakuna anayeona.

Na masomo? Taasisi ya kukuza mitaala, KICD, iliandaa vipindi vya redio na televisheni, na ninaishukuru kwa kazi hiyo. Lakini kipindi kinataka umeme, na masomo ya simu yanataka bando na simu yenyewe, ambayo katika nyumba nyingi ni moja na hutoka na mama asubuhi. Binti yangu alikuwa Darasa la 5. Miezi ya kwanza aliniuliza kila Jumapili usiku kama kesho kuna shule. Kufikia Agosti aliacha kuuliza, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Kama hawawezi kukaa mita moja na nusu, kufungua ni bure"

Hoja hii ndiyo iliyotugawanya zaidi, na ilikuwa na haki yake: darasa la watoto 70 haliwezi kutenganisha mtu na mtu. Waziri wa elimu wa wakati ule, Profesa George Magoha, alikiri waziwazi kwamba kutengana ndiko kungekuwa tatizo gumu kuliko yote, akahimiza barakoa na kufundishia chini ya miti. Wengi wetu tuliichukua miti kuwa matusi. Sasa ninaona kwamba mti ulikuwa darasa bora kuliko chumba.

Sababu yake ni hii. Virusi vya korona haviruki tu katika mate mazito yanayoanguka karibu. Vingine hutoka na pumzi, katika chembe ndogo mno zinazoelea hewani kama moshi wa ubani. Chumba kikiwa kimefungwa, moshi huo unajaa mpaka pembe ya mbali, na mita moja na nusu haikusaidii. Kukiwa na upepo unaopita, unatawanyika. Waliopambana na kifua kikuu walilijua jambo hili zamani, ndiyo maana wauguzi wao hawaachi kusema: fungueni madirisha.

Baada ya kikao nilikwenda kuliangalia darasa la binti yangu. Lilikuwa na madirisha sita, matatu kila upande. Upande wa uwanjani yalifunguka. Yale matatu ya upande wa barabara yalikuwa yamepigiliwa misumari kwa mbao, tangu wezi walipoingia mwaka mmoja nyuma. Mle ndani palinukia chaki na joto. Pesa zetu za mchango zilikuwa zimeshanunua madebe ya dawa ya kupulizia madawati, na kuambukizwa kwa kugusa meza kumekuja kuonekana kuwa nadra sana. Fundi alikuja na nyundo na koleo, akang'oa mbao zote kabla ya adhuhuri, akaweka nondo kuzuia wezi. Upepo wa bahari uliingia mpaka ukapeperusha chati ukutani. Kazi ile ilitugharimu kidogo kuliko dawa ya wiki mbili.

Sisemi kunawa mikono ni kazi bure. Sabuni inakinga kuhara na kipindupindu, na Pwani hatuwezi kuidharau. Lakini ndoo ya getini ilikuwa inaisha maji ifikapo saa nne, na sisi tulikuwa tumeigeuza ndoo hiyo kuwa ushahidi kwamba shule iko salama.

"Kipimajoto cha getini kinaharibu ubongo," na kinyume chake, "kikisoma sawa, mtoto ni mzima"

Kile kipimajoto kinachoelekezwa kwenye paji la uso hakipigi miale yoyote ndani ya kichwa. Kinapokea joto ambalo mwili wenyewe unalitoa, basi. Na kusoma nyuzi 36 hakumaanishi mtoto hana virusi, kwa kuwa watoto wengi walioambukizwa hawakupata homa hata kidogo. Chombo cha maana zaidi kilikuwa mzazi mkweli, anayemwacha mtoto nyumbani akiamka na kikohozi, hata kama siku hiyo kuna mtihani.

"Barakoa inamkosesha mtoto hewa"

Barakoa ya kitambaa hupitisha hewa ya kutosha. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mwongozo Agosti 2020: watoto wa miaka 5 kushuka chini wasilazimishwe, wa miaka 6 hadi 11 kutegemea hali ya mahali, na wa miaka 12 kwenda juu kama watu wazima. Tatizo nililoliona mimi ni jingine. Watoto walibadilishana barakoa kwa sababu ya rangi, yangu ya waridi nipe yako yenye maua. Dawa yake ilikuwa kushona jina kwenye ukingo na kumtilia ya pili mkobani.

"Mwaka mmoja si kitu, atafidia"

Tulikuja kuufidia, na tulioufidia tunajua bei yake. Mihula ilibanwa, likizo zikakatwa, mwaka ukawa na mihula minne, na mzazi ambaye biashara yake haijasimama akadaiwa karo mara nne. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, wa 2020 ulifanywa Machi 2021, na wa 2021 ukafanywa Machi 2022. Waliokuwa wanajua kusoma walibanwa wakafika. Waliokuwa wanajifunza kusoma ndio walioachwa, kwa kuwa mtoto wa miaka 7 akikaa miezi tisa bila kitabu anarudi nyuma, na mtaala haumsubiri.

Uganda ilifunga Machi 2020, na ukiacha madarasa yaliyorudi kwa vipindi, shule zake hazikufunguliwa kwa wote mpaka Januari 10, 2022. Hakuna nchi iliyofunga kwa muda mrefu kama huo. Tanzania ilirudisha watoto wote Juni 29, 2020. Burundi haikufunga kabisa. Majirani wanne, njia nne. Anayesema kulikuwa na njia moja tu hakuangalia ramani.

"Anayempeleka hajali, anayemzuia ni mwoga"

Siku ile tulirushiana maneno hayo. Mimi niliamua binti arudi. Mama mkwe wangu ana presha na sukari, kwa hiyo tulimhamishia chumba cha uani chenye dirisha lake na mlango wake, na chakula cha jioni tukawa tunakula nje, uani, yeye na mjukuu wake wakiongea kutoka pande mbili za mkeka. Nyumba isiyo na chumba cha uani ingeamua vingine, na isingekuwa imekosea.

Baba Salim nilimkuta njiani tukirudi. Akaniambia mwanawe ana selimundu, na alikuwa amelazwa mara mbili mwaka ule. Nikamuuliza mbona hakusema kikaoni. Akasema, "Mlikuwa mmeshaniita mwoga."

Jumatatu Januari 4 niliambatana na binti mpaka mlangoni mwa darasa. Sketi yake ilikuwa imempanda juu ya magoti. Madirisha yote sita yalikuwa wazi. Mwalimu aliita majina, na baada ya baadhi ya majina palikuwa kimya. Msichana mmoja, wenzake walinong'ona, alikuwa na mimba. Wizara ilikuwa imeshatoa mwongozo mwaka 2020 kwamba msichana wa namna hiyo ana haki ya kurudi darasani, lakini nani kwao angejua? Mwalimu aliyaandika majina yasiyoitikiwa kwenye karatasi, akaikunja akaitia mfukoni, na jioni ile ile akaanza kupiga hodi.