Mkaa uliokolea bado unaua

Juni na Julai, baridi ya Makete, Njombe na Mbeya ikikaza, jiko la mkaa huingizwa chumbani kwa imani kwamba mkaa ukishakolea na moshi kuisha, hauna madhara. Si kweli. Kinachoisha ni moshi tu. Kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, huendelea kutoka mpaka moto uzimike kabisa. Hunata kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na haiwashi koo, hivyo aliyelala hashtuki. Sufuria ya maji juu ya jiko haiizuii.

Oteni moto nje. Chumbani ongezeni blanketi. Mtu akiumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, mtoeni nje mara moja, awahishwe hospitali apewe oksijeni. Maziwa, tafadhali, msihangaike nayo: hayaitoi gesi hii kwenye damu.