Je, wajua kwa nini rosta ya Krismasi inawabakiza kazini watu walewale kila mwaka?

Kama umeshawahi kufanya kazi ya shifti unaijua hii. Ikikaribia Desemba rosta, yani ratiba ya shifti, inabandikwa ukutani na plasta, watu wanaisogelea kimyakimya, kila mtu anatafuta jina lake alafu kidole kinatembea mpaka tarehe 25, kuna wanaotabasamu na kuna wanaorudi wodini bila kusema neno. Na hao wanaorudi bila kusema neno ni walewale wa mwaka jana na mwaka juzi.

Mimi ni muuguzi hapa Dodoma. Nimekaa Krismasi nne mfululizo kazini, nait mbili, ivining moja na moning moja, kwenye hospitali ambayo siitaji jina, na miaka yote hiyo nilikuwa naamini kabisa kwamba inchaji, yani muuguzi msimamizi wa wodi, ana kitu na mimi. Baadaye nikaja kushirikishwa kupanga rosta mwenyewe, nikaona mambo yanavyokwenda kwa ndani, na nilichokiona hakikuwa chuki ya mtu, ila kiliniuma zaidi kuliko ingekuwa chuki.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutaishia kulaumiana tu. Chukua wodi yenye wauguzi 14. Asubuhi wanatakiwa 3, ivining 2, nait 2, hao ni 7 kwa siku, na kwa siku 7 za wiki zinakuwa shifti 49. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida mwisho 45 kwa wiki, kwahiyo kama shifti ni ya saa 8 mtu mmoja anabeba shifti 5. 49 gawanya kwa 5 unapata karibu 10. Yani ili wodi isilale wazi lazima watu 10 wawe wapo, wanaoweza kuondoka kwa wakati mmoja ni 4, na hapo hujamtoa aliyejifungua yuko kwenye siku zake 84 za uzazi na hujamtoa aliyeenda kusoma. Wakitoka hao wawili zinabaki nafasi 2.

Sasa angalia upande wa pili. Sheria hiyohiyo inampa kila mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka. Watu 14 mara siku 28 ni siku 392, na mwaka una siku 365. Maana yake ni kwamba likizo zikisambazwa vizuri mwaka mzima, kila siku inayoenda kwa Mungu anatakiwa awe nje mtu mmoja tu na kidogo. Mwezi wa pili hakuna anayetaka, mwezi wa tano hakuna anayetaka, alafu wiki moja ya Desemba wanaiomba watu tisa na nafasi zipo mbili. Wodi ingekuwa na watu wa kutosha kelele hizi zingepungua sana, na hilo ni la kulisema wazi kwasababu upungufu wa watu hausababishwi na inchaji wala na mwenzako aliyepata likizo.

Lakini nafasi kuwa chache haielezi kwa nini wanapata walewale. Nafasi 2 kwa watu 14 zikizunguka, kila mtu anapata Krismasi moja kila baada ya miaka 7, ni ndefu lakini ina mwisho, mtu unajua mwaka wako utafika. Tatizo ni kwamba hazizunguki, na hapa ndo pana utamu wa swali lenyewe.

Zipo sababu nne tano ambazo wapanga rosta wanazitumia kuchagua, na ukizisikiliza moja moja kila moja inaonekana ina ubinadamu kabisa. Ya kwanza, aliyewahi kuomba. Fomu inawekwa ofisini saa nne asubuhi siku ya kazi, waliopo moning wanajaza, aliyetoka nait amelala nyumbani Ipagala na simu ameizima apate usingizi. Akija kesho yake jioni nafasi zimeisha. Asiyekuwepo na lake halipo, ndo wanavyomwambia, wakati yeye hakuwepo kwasababu alikuwa analinda wodi usiku. Na anayepangiwa nait sana ni nani? Ni mgeni na kijana, kwahiyo mtu anapigwa mara mbili kwa jambo lilelile.

Ya pili, ukubwa kazini. Huyu ana miaka 20 humu ndani, tumheshimu. Sawa, shikamoo zake azipate, ila mtu mwenye miaka 20 hapungui miaka, mwakani atakuwa na 21, kwahiyo ukitumia kigezo hicho kila mwaka jibu litakuwa lilelile mpaka astaafu.

Ya tatu ni watoto. "Wewe hujaolewa, mwache mama fulani akae na wanawe." Hii nimeambiwa mimi zaidi ya mara moja na nilikuwa nakosa cha kujibu maana nani anataka kuonekana anawanyang'anya watoto mama yao siku ya Krismasi. Lakini asiye na mtoto naye ana mama, na mama yake anazeeka. Watu wengi hawajui kwamba kifungu cha 7 cha sheria ile ya 2004 kinakataza ubaguzi kazini kwa mambo mengi, na kwenye orodha yake imo hali ya ndoa na majukumu ya kifamilia. Kumwangalia mwenye kichanga kwa mwaka mmoja ni utu, lakini kuifanya ndo kanuni ya kudumu kwamba asiyeolewa atakava, yani atashika shifti badala ya wenzake, Desemba zote, hapo mtu ana haki ya kuhoji.

Ya nne ndo ya kwetu Dodoma zaidi, nayo ni umbali. Mji huu ulitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ila watu hasa wameanza kumiminika baada ya serikali kuamua kuhamia kweli mwaka 2016. Kwahiyo maofisini na mahospitalini saivi tuko mchanganyiko, kuna wa Moshi, wa Bukoba, wa Mbeya, wa Dar. Desemba ikifika mji unapungua watu, Mtumba kwenye maofisi ya serikali kunakuwa kimya, stendi ya Nanenane ndo kunakuwa hakukaliki kwa mabegi. Lakini kuna kazi hazifungi, wodi, sheli, gesti, walinzi wa makampuni, mafundi wa umeme na maji. Na kwenye kazi hizo linatolewa neno moja: wewe ni wa hapahapa, utatoka shifti utaenda kula nyumbani. Mgogo na Mrangi ndo wa hapahapa. Mimi kwetu ni Mpwapwa, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, nikitoka nait saa moja na nusu asubuhi nikapande gari niende nikale nigeuze nirudi kwa ajili ya shifti nyingine? Mwenzangu wa Kondoa naye anaitwa wa hapahapa. Alafu treni ya SGR ilipoanza kuja Dodoma mwaka 2024 nikawasikia hata wa Dar wameanza kuambiwa nyie ni karibu, mnaweza kwenda siku yoyote. Neno hapahapa linavutika tu kutegemea nani anataka kubakizwa.

Na kuna kitu ambacho mtu asiyezaliwa huku hakioni. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaanza Desemba hivi unaenda mpaka Aprili. Mvua ya kwanza ikinyesha ndo watu wanapanda mtama, uwele, karanga, alizeti, na haisubiri mtu. Kwahiyo sisi wa hapahapa Desemba si kula pilau tu, ni mwezi ambao mama anahitaji mikono shambani. Nakumbuka Krismasi yangu ya tatu, nait, mvua inapiga kwenye bati la koridoni mpaka mgonjwa ukimuuliza unaendeleaje humsikii, mama akanipigia saa mbili usiku na salamu yetu ya Kigogo, "mbukwa mwanangu, na huko inanyesha?" Nikamwambia inanyesha. Akasema basi kesho wataanza kupanda, akanyamaza kidogo, akaniuliza nimekula nini. Nilikuwa nimekula pilau la kwenye hotipoti aliloleta dada mmoja Mwislamu tuliyekuwa naye shifti, alipika nyumbani kwake mchana akalibeba akijua tutakuwa kazini, wala hakuna aliyemwomba.

Hapo kwa Waislamu pananipa somo kubwa. Kwenye sehemu nyingi za kazi huku wenzetu wanakava Krismasi na sisi tunakava Idi, na mpango huo unakwenda vizuri miaka na miaka bila barua wala kikao. Kwa nini huo unaenda na ule mwingine haukai sawa? Kwasababu huo una kumbukumbu. Nikikukavia Idi wewe unajua una deni langu, na mimi najua, na Desemba haijafika bado tunalikumbuka. Una shida zake kweli, Idi inategemea mwezi kuandama kwahiyo inchaji inabidi aache siku mbili wazi, na inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kiasi kwamba kwa hesabu za kalenda Desemba ya 2033 Idi el-Fitri inatarajiwa kuangukia siku mbili hivi kabla ya Krismasi, sijui mwaka huo nani atamkavia nani. Lakini deni linakumbukwa, na linalipwa.

Rosta haikumbuki kitu. Ya mwaka jana imebanduliwa, imechanwa au imefanyiwa karatasi ya kufungia vitu, na mpangaji wa mwaka huu anaanza na karatasi nyeupe kana kwamba hakuna aliyewahi kukaa kazini tarehe 25. Anatumia vile vigezo vyake, mkubwa, mwenye watoto, wa mbali, aliyewahi, na kila mwaka anatenda haki kwa macho yake. Kamba inakatikia palepale pabovu na hakuna aliyekusudia. Ndo maana ukilalamika unaonekana mkorofi, wao wanaangalia Desemba moja, wewe unaangalia nne.

Sheria inasaidia kiasi gani? Kwenye tarehe, kidogo. Wengi tunadhani likizo ni yangu naichukua nikitaka, lakini kifungu cha 31 kinampa mwajiri mamlaka ya kupanga lini uende, ilimradi isizidi miezi 6 baada ya mzunguko wako wa mwaka kuisha, na inaweza kusogea hadi miezi 12 kama umekubali na mahitaji ya kazi yanalazimisha. Kwahiyo kunyimwa Desemba peke yake si kosa. Penye haki yako ya wazi ni kwenye pesa. Kifungu cha 25 kinasema ukifanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa unalipwa mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa uliyofanya, na tarehe 25, 26 na Mwaka Mpya zote zimo. Kazi ya usiku, yani kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5. Andika saa zako kwenye daftari lako mwenyewe, usitegemee la ofisi. Sheria hii inawagusa na watumishi wa umma wa Bara, isipokuwa majeshi, ila wa serikalini waangalie na taratibu zao za utumishi. Ukidhulumiwa unaanza na tawi la chama cha wafanyakazi, na ikishindikana ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Na hili nalo walijue wanaogombania: sikukuu zinazoangukia ndani ya likizo zinahesabiwa humohumo kwenye zile 28. Ukienda tarehe 15 Desemba unarudi baada ya tarehe 11 Januari, na ndani yake umemeza sikukuu tatu ambazo mwenzako aliyebaki analipwa mara mbili. Kuna wenzangu wawili walipoelewa hilo walisogeza likizo zao wenyewe, wakabaki kuomba ofu ya tarehe 25 tu.

Kwetu kilichobadilisha mambo kilikuwa boksi faili. Alikuja inchaji mpya, mama mmoja mtulivu, akakuta rosta za nyuma zimehifadhiwa kabatini, sijui na nani, akazitandaza mezani za miaka minne akaanza kuhesabu mbele yetu kwenye kikao, na watu wa nait aliwasubiri. Miaka minne, nafasi nane. Mtu mmoja alipata mara nne, mwingine tatu, mwingine moja. Waliobaki kumi na mmoja tulikuwa na sifuri. Hakumsema mtu. Yule wa mara nne aliangalia ile karatasi muda mrefu alafu akasema yani mimi nilikuwa naona kila mtu anapata, na namwamini, alikuwa kweli haoni maana kila Desemba hakuwepo.

Tukaandika majina kwenye daftari gumu, kila jina na mwaka aliopata, Krismasi safu yake na Mwaka Mpya safu yake ili anayekosa moja apate nyingine, na fomu ikawa inatolewa mwezi wa tisa kwa wiki mbili nzima ili shifti zote zipite. Wenye sifuri tulipiga kura ya vikaratasi kupata wawili wa kwanza. Mwaka ule sikupata, nilipata Mwaka Mpya. Mwaka uliofuata nilipanda gari la Mpwapwa tarehe 23, nikakuta mvua imeshapiga mara mbili na mama ameshapanda nusu ya shamba, nusu nyingine ameniachia.